Sefu Kabla ya Ijumaa

Wiki nzima mmeniuliza swali moja tu: ilikuwa na risasi au haikuwa nayo?

Ngojeni kidogo. Mtoto bado kaishika.

Maren, binti wa miaka sita, amesimama katikati ya jiko la bibi yake, Arlys Tveit, kakumbatia bunduki ndefu kumzidi yeye mwenyewe. Ameitoa nyuma ya mlango, inakosimama siku zote pamoja na ufagio. Mlangoni yupo mama yake, Janelle, aliyekuja kumchukua akitoka zamu ya hospitali. Mezani yupo babu, Orrin, kikombe cha kahawa kimegandia njiani, hakijafika mdomoni.

"Maren," Janelle alisema taratibu, kama anayembembeleza paka ashuke juu ya paa. "Ilaze chini, mwanangu. Taratibu. Hivyo hivyo."

Mtoto akailaza. "Nilikuwa nachukua ufagio," akasema. "Yenyewe ndiyo ilinizibia."

Orrin akacheka. Wasomaji wangu, mzee yule alicheka!

"Sasa unatetemeka nini, Janelle? Haina kitu hiyo. Naiweka tupu siku zote. Baba yangu aliiweka hapo hapo, nikakua nikiipita, na sijafa."

"Ifungue."

"Nimeshakwambia haina..."

"Baba, ifungue!"

Orrin akaiokota, akavuta komeo lake. Risasi ya shaba ikaruka, ikagonga mguu wa meza, ikabiringika sakafuni mpaka ikatulia kwenye kiatu cha Arlys, aliyesimama kando ya friji.

Basi mmepata jibu lenu.

Arlys alisikia friji likinguruma, akaona masikio ya mumewe yakiwa mekundu.

Janelle alimnyanyua mwanawe begani. "Maren hakanyagi tena hapa. Kuanzia kesho nikiwa kazini atashinda kwa Bibi Verla."

Verla! Kwa mgeni wa hadithi hii, Verla Kimball ni mama yake Cade, baba wa Maren, aliyeachana na Janelle mwaka jana. Tangu siku ile, bibi hao wawili wanamvuta mtoto huyu huku na huku, na wakikutana kanisani kila mmoja anaangalia kofia ya mtu wa mbele. Arlys angepigwa kofi asingeumia hivyo.

"Usinifanyie hivyo, Janelle. Majira yote ya baridi? Nitakaa na nani humu ndani?"

"Na bunduki za Baba."

"Mwanangu!"

Janelle akavuta pumzi. "Ijumaa nikitoka kazini nitapita. Nikikuta bunduki zote ziko ndani ya sefu la maana, limefungwa, limekazwa na sakafu, mtoto atarudi. Nikikuta moja nje, Mama, hata moja tu, msahau kabisa."

"Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa!" Orrin akafoka. "Mtu gani hapa Montana anafungia bunduki siku moja kabla ya msimu?"

"Babu yake Maren," Janelle akamjibu, na mlango akaubamiza.

*

Mji wa Harker una duka moja tu linalouza masefu ya bunduki. Mengine yako ng'ambo ya mlima, na mlimani theluji ilishaanza kuanguka.

Na duka hilo ni la nani? La Verla Kimball. Mnaona mambo hayo?

Jumanne asubuhi Arlys na Orrin waliegesha pikapu yao uani, wakaingia katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, mabuti ya mpira na bunduki za kuuza. Verla alikuwa kaunta, miwani imemteremkia puani. Nyuma yake, juu ya gunia, Maren alikuwa akichora farasi.

"Bibi Arlys!" mtoto akaruka.

"Msalimie kwa mbali," Verla akasema. "Kisha nenda ukacheze uani, watu wazima wana maneno." Mtoto akatoka. Verla akakunja mikono. "Karibu, mkwe. Au siku hizi nikuite nani?"

"Niite mteja."

"Mteja huwa anatabasamu."

"Nitatabasamu nikitoka."

Masefu yalikuwa yamepangwa ukutani kama mafriji. Orrin alikwenda moja kwa moja kwenye lile la bei ya chini kuliko yote, jeusi, limechorwa kichwa cha kulungu kwa rangi ya dhahabu.

"Hili hapa. Limeandikwa linaingia bunduki ishirini na nne. Lipa tuondoke, huku ndani kunanuka mbolea."

Arlys hakujibu. Aligonga mlango wa sefu kwa vifundo vya vidole, ukatoa sauti nzito. Akasogea, akagonga ubavu. Ng'wee! Sauti ya kopo la maharage.

"Umesikia mwenyewe," Verla akasema. "Mlango mnene, mbavu bati. Mwizi wa hilo hahitaji namba, anahitaji shoka na dakika chache."

"Na hiyo ishirini na nne?"

"Kama ni vijiti vya ufagio. Bunduki zenye darubini juu, kama za mzee wako, weka nusu yake, na bado zitakwaruzana."

"Wanasema linazuia moto."

"Fungua utazame. Wamebandika jasi nyembamba, ile ile ya ukutani kwako. Nyumba yako ya mbao ikiwaka, utakuta ndani umeoka mkate."

Arlys alimtazama mkwewe kwa jicho la upande. Huyu mwanamke ana nini leo? Adui akikwambia kweli tatu mfululizo, lazima kuna uongo anaupasha moto nyuma.

Verla akawapeleka mpaka mwisho wa safu. Huko yalisimama mawili ya kijivu, hayana kulungu wala dhahabu. Ubavu wa moja, ukiutazama penye pindo la mlango, ulikuwa unene wa sarafu tatu zilizobebana. Arlys akagonga, akaumia vidole. Akausukuma mlango kwa bega, ukaenda polepole, haulegei kwenye bawaba. Chini kulikuwa na matundu manne ya boliti.

"Lazima ulikaze na zege," Verla akasema. "Zito kama fahali, lakini vijana wanne wakiwa na mnyororo na gari wanaondoka nalo. Lisipokazwa umewawekea zawadi kwenye sanduku."

Orrin akasoma bei. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hela hii ningenunua fahali mwenyewe!"

"Nyamaza, baba Janelle. Haya mawili yana tofauti gani?"

"Kufuli tu," Verla akajibu. "Hili la gurudumu la namba, unalizungusha. Lile la vitufe, unabonyeza. Chukua la vitufe. Ukishageuza mkono wake limejifunga lenyewe. La gurudumu linamngoja mwanamume akumbuke kulizungusha, na wanaume wa Harker nawajua."

"Na vitufe vinatumia betri."

"Ndiyo."

"Betri zikifa Ijumaa, Janelle kasimama mbele yake, sefu halifunguki halifungiki, mimi nimekodoa macho? Ndicho unachonipikia, Verla?"

"Arlys, betri unabadilisha kwa nje, hata..."

"Nimekuelewa sana. Unataka nichekwe."

"La gurudumu," Orrin akaingilia. "Baba yangu afufuke anikute nabonyeza bonyeza kutoa bunduki yangu, kama naagiza chakula kwa simu? La gurudumu!"

Verla akapandisha miwani. "Wewe ndiye mteja."

Na hapo, wasomaji wangu, chuki ndiyo iliyofanya manunuzi. Arlys alikijua chuma kizuri kwa masikio na vidole vyake, lakini kufuli alilichagua kwa hasira.

Walipokuwa wanasukuma sefu kwenye pikapu kwa mashine ya kubebea mizigo, Verla alimpa Arlys bahasha yenye namba tatu. Arlys alizisoma njiani mpaka zikamkaa kichwani. Alipofika nyumbani karatasi akaitupa kwenye jiko la kuni.

*

Jumatano nzima keekee ilipiga kelele chumba cha chini. Orrin na majirani wawili walitoboa zege, wakakaza boliti nne, wakanywa kahawa, wakamtania Orrin mpaka akawafukuza.

"Orrin, sasa kulungu wakija utawaambia wasubiri, mama anatafuta namba?"

"Tokeni!"

Arlys akafungua. Orrin akaziingiza bunduki moja moja, kama anayelaza ndugu kaburini. Ile ya nyuma ya mlango. Mbili za ukutani sebuleni, zilizoacha misumari mitupu. Ile ya marisau ya kuwindia bata. Ile ya baba yake, ambayo aliifuta kwa shati lake mwenyewe. Alipomaliza, akausukuma mlango, akageuza mkono wa chuma, akagusa gurudumu kidogo, akapanda juu bila kusema asante.

Alhamisi asubuhi Arlys alishuka kuchukua viazi. Alipolipita sefu, mkono wake ukajipeleka wenyewe. Akalirudisha gurudumu nukta mbili tu, bila namba yoyote.

Mlango ukafunguka.

"ORRIN!"

Mzee akashuka na soksi. Akauona mlango wazi, akakuna shingo.

"Ah, hiyo. Hiyo ni kufunga kwa mchana. Unalisogeza kidogo tu, ukitaka bunduki unalirudisha. Wote hufanya hivyo, mama Janelle. Marehemu mume wa Verla alifanya hivyo miaka yote."

Kumbe! Arlys akakumbuka yale maneno ya Verla juu ya wanaume wa Harker, akayameza kama dawa chungu.

"Maren ana vidole, Orrin. Vidole vya kugeuza nukta mbili anavyo."

"Mtoto gani atajua?"

"Mtoto aliyejua ufagio uko nyuma ya bunduki!"

Akausukuma mlango, akalizungusha gurudumu mara nne, kwa nguvu, mpaka likalia. Kisha akasimama mbele yake.

"Basi nipe namba," Orrin akasema.

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi. Jumamosi alfajiri nitakufungulia mwenyewe, nitakutolea moja. Ukirudi utanirudishia mkononi."

Uso wa Orrin ukabadilika. "Unanifungia bunduki za baba yangu kama mtoto aliyefichiwa peremende?"

"Ndiyo."

"Nitalipasua!"

"Lipasue. Nimenunua mbavu nene."

"Umeolewa na mimi au na Janelle?"

"Nimeolewa na mtu aliyeniambia haina risasi."

Orrin akageuka. Alipanda ngazi akikanyaga kila moja kama imemkosea. Siku hiyo chakula chake alikila barazani, kwenye baridi, amelipa dirisha mgongo. Arlys alimwona akitafuna, moyo ukamuuma, lakini namba hakumpelekea.

*

Ijumaa ikafika. Gari la Janelle likasimama mbele ya nyumba, na nyuma yake akashuka Maren, koti limefungwa mpaka kidevuni, mkoba mgongoni.

Arlys alikuwa anaoka mikate ya mdalasini. Nyumba nzima ilinukia. Lakini Janelle hakuangalia mikate.

Alifungua mlango wa jiko, akatazama nyuma yake. Ufagio, peke yake. Akaingia sebuleni, akaona misumari mitupu. Akainama chini ya kitanda cha wazazi wake, akafungua kabati la makoti, akapapasa juu ya rafu. Kisha akashuka chini. Akalivuta sefu kwa mikono miwili, halikutikisika. Akaligonga ubavu, akajipuliza vidole. Akasogeza gurudumu nukta mbili kulia, mbili kushoto, akavuta mkono wa chuma. Wapi!

"Nani anajua namba?"

"Mimi tu," Arlys akasema.

"Na Baba?"

"Baba yako hajui hata moja," Orrin akanguruma kutoka kwenye ngazi. "Baba yako ni mpangaji humu."

Janelle akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu ile risasi ianguke, akatabasamu. "Mama, umeweza. Sikutegemea."

Akapaza sauti. "Maren! Vua koti, uje umkumbatie bibi."

Arlys akafungua mikono. Mtoto akashuka mbio, akavua mkono mmoja wa koti, kisha akasimama. Akalitazama sefu juu mpaka chini.

"Na ile fupi ya Babu, nayo imo?"

"Ipi, mwanangu?"

"Ile inayolala kwenye pikapu. Chini ya kiti."

Janelle akamgeukia baba yake.

Orrin ndiye aliyezungumza kwanza, na alizungumza kwa mshangao wa kweli. "Lakini hiyo si ya nyumbani. Hiyo ni ya gari."

"Baba..."

"Ulisema bunduki, Janelle! Ile bastola ni ya gari, kama jeki. Nani anaihesabu jeki?"

Naye hakuwa anadanganya. Hapa Harker kila pikapu ina yake, ya nyoka, ya ng'ombe aliyevunjika mguu, na hakuna anayeiita bunduki. Hata Arlys, aliyewanyima watu usingizi wiki nzima, aliyekuwa amepanda pikapu hiyo na kuikalia, hakuikumbuka.

Walitoka nje wote. Arlys akafika kwanza, akapiga magoti kwenye theluji, akaingiza mkono chini ya kiti. Akatoa mfuko wa ngozi. Mwepesi. Mtupu.

"Orrin?"

"Sijaigusa." Mzee alikuwa mweupe kama yai. "Nakuapia, mama Janelle, sijaigusa."

"Basi iko wapi?" Janelle akapiga kelele. "Iko wapi?"

"Anayo Bibi Verla," Maren akasema. "Nilimpa mimi."

Kama aliyeitwa, Verla Kimball akaingia na gari lake uani. Akashuka taratibu, amebeba kitu kilichoviringwa kwenye taulo. Alimpita Arlys kama anapita nguzo, akasimama mbele ya Janelle.

"Jumanne hawa wawili walipokuwa dukani kwangu wakibishania betri, mwanao alikuwa amekaa kwenye pikapu yao. Haikufungwa. Walipokwisha kuondoka akaniletea hii kaunta, kaishika kwa mikono miwili, anasema ni ya Babu. Risasi tano ndani, Janelle." Akageuza kichwa kidogo, apate kumwona Arlys. "Nikasema nitaileta siku ya ukaguzi. Ujionee sefu lao linafunga nini na linaacha nini."

Mikate ya mdalasini ilikuwa inaungua huko ndani, na hakuna aliyekwenda.

Janelle alifungua taulo. Akatoa risasi moja moja, akazitia mfuko wa koti. Alipoinua uso hakuwa anamtazama mama yake.

"Jumanne," akasema.

"Ndiyo, Jumanne."

"Na jana nilipokuja kumchukua, nikakuuliza siku imekwendaje. Ukaniambia amekula vizuri."

Verla akafungua mdomo.

"Juzi pia ukaniambia amekula vizuri. Mwanangu alishika bastola yenye risasi, wewe ukainyamazia, ukaiviringa kwenye taulo, ukaningojea Ijumaa?"

"Nilitaka uione kwa..."

"Ulitaka kushinda." Janelle akamkabidhi Arlys ile bastola tupu. "Nanyi mnahesabu bunduki kwa mahali zinapolala. Maren, vaa koti."

"Mama, nimeahidiwa mkate!"

"Vaa koti."

"Janelle, kesho alfajiri una zamu," Arlys akasema, sasa analia. "Utamwacha kwa nani?"

"Si kwako. Wala kwa huyu. Nampeleka kwa baba yake."

Milango ya gari ikagongwa. Arlys alimgeukia Verla akitegemea kuona meno yake. Si amepata? Mtoto anakwenda kwa Cade, kwa mwanawe wa kumzaa!

Verla hakuwa anacheka. Alikuwa anakimbia. Mwanamke yule mnene, na mabuti yake ya mpira, alikimbia nyuma ya gari akilipiga makofi. "Janelle! Janelle, simama!" Gari likakunja kona, likatupa theluji, likaenda zake.

Akarudi akihema, akamkamata Arlys mkono. Hawakuwa wamegusana tangu siku ya harusi ya watoto wao.

"Leta pikapu," akasema. "Twende, Arlys. Twende sasa hivi."

"Verla, kuna nini? Si mwanao yule?"

"Ndiyo maana nasema twende. Alikuja dukani jana. Hakutaka nimwulize ya nini, na mimi, mama yake, nikamuuzia."

"Ulimuuzia nini? Sefu?"

Verla akatikisa kichwa. "Bastola. Sefu hakununua."